Somo la Dhamana ya Mpanda Pikipiki

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, somo hili limezaliwa na suala. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia kijana aliyesoma chuoni kwangu tangu alifu hata akakhitimu, naye leo huchuma riziki yake kwa kuchukua watu kwa pikipiki huku kaskazini ya Mombasa, ng'ambo ya daraja. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, nimeua mtu."

Khabari yake ilikuwa hivi. Kabla ya mapambazuko alikuwa akienda mbio kumwahi mtu aliyetaka basi la kwanza. Taa yake ya mbele ilikuwa imekufa tangu siku tatu, naye akisema ataitengeneza Ijumaa. Mzee mmoja alikuwa akivuka njia kwenda msikitini, amevaa kanzu nyeupe. Kijana hakumwona illa alipokwisha kumfikia. Mzee akafa siku ya pili. Watu wake walimsamehe kijana, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, na wazee wa mtaa wakamwambia: "Hii ni kadari, siku yake ilikuwa imefika. Nenda zako ukatafute riziki." Akaenda zake, lakini usingizi haukumjia. Akaniuliza: "Maalim, ni kweli sidaiwi kitu?"

Nilimjibu usiku ule kwa kadiri ya haja yake. Hapa nataka kulieleza jawabu kwa urefu, kwani suala si lake peke yake. Bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, na jina lake ni la mpaka ule ule. Na tangu serikali ya Kenya ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, hapana mtaa wetu usio na vijana waliopanga pikipiki zao kivulini wakingoja abiria. Wengi wao ni watoto wetu, tuliowafundisha tohara na sala, wala hatukuwafundisha fikihi ya chombo wanachokipanda. Kosa hilo ni letu waalimu kabla ya kuwa lao.

Basi fahamu ya kwamba maulamaa wetu wa Kishafi hawakuziona pikipiki, lakini waliwaona farasi, punda na ngamia katika njia nyembamba na masoko yenye msongamano, na hukumu zake wakaziweka wazi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaji ya kwamba mtu aliye pamoja na mnyama ni dhamini wa kila anachokiharibu mnyama huyo, nafsi au mali, usiku au mchana. Hakushurutisha kwamba mtu huyo awe amekusudia. Wenye kuisherehesha Minhaji wametaja sababu: mnyama yumo mkononi mwake, na ni juu yake kumchunga.

Sasa pima mwenyewe. Punda ana moyo wake. Hushtuka kwa mlio, hupiga teke, humtupa bwana wake na kwenda apendako. Pikipiki haina moyo wala haishtuki. Haiendi illa mkono wa mtu uigeuzie moto, wala haisimami illa mkono na mguu wake uisimamishe. Ikiwa mwenye punda ni dhamini na huku punda ana shauri lake, mwenye pikipiki ni dhamini kwa aula zaidi.

Na katika mlango huo huo kuna mambo ambayo kila niyasomeshapo huona kana kwamba yameandikwa jana, penye soko la Kongowea. Wamesema mpanda mnyama ajihadhari na lisilokuwa la kawaida, kama kumkimbiza mbio kali katika matope. Akikhalifu, ni juu yake kila litakalozaliwa na mbio zile. Nani asiyemjua yule apitaye kwa kasi penye dimbwi la masika na kumrushia maji machafu mtu aendaye sala ya Ijumaa? Wamesema pia ya kwamba mwenye kuingia sokoni na mzigo wa kuni mgongoni au juu ya mnyama, ukadhuru mtu au mali hali ya kuwa pana msongamano, ni dhamini. Na ikiwa hapana msongamano, ikapasuka nguo ya mtu, hana dhamana, illa nguo ya kipofu na nguo ya mtu aliyempa mnyama mgongo, kwani hao hawaoni, na ni wajibu kuwatanabahisha. Basi leo mbao na mabati hufungwa kwa upana juu ya pikipiki, na ncha zake hupita kwenye shingo za watu. Na hilo la kumtanabahisha aliyekupa mgongo ndiyo haki ya honi. Honi si ya kumtukana mtu, wala si ya kumfukuza mama mzee njiani. Ni ya kumjulisha asiyekuona.

Ama wapanda wawili wakigongana bila ya kukusudia, wakafa wote wawili, hukumu yao ni nzito. Ni juu ya aakila wa kila mmoja, nao ni jamaa zake wa upande wa baba, nusu ya diya ya mwenziwe, kwani kila mmoja amekufa kwa kitendo chake na kitendo cha mwenziwe. Katika mali ya kila mmoja hutolewa nusu ya thamani ya mnyama wa mwenziwe. Na kwa kauli iliyo sahihi, kila mmoja ana kafara mbili katika mali aliyoiacha: moja kwa ajili ya nafsi ya mwenziwe, na moja kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Angalia vyema hiyo ya pili. Mtu husema, "Mimi nikifa nimekufa, nafsi ni yangu." Wanafikihi hawakumpa nafsi hiyo iwe mali yake, wamemwandikia kafara kwa kuiua.

Huenda mtu akasema: Kadhi wetu leo hahukumu diya. Ni kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemwachia Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na ajali za barabarani huamuliwa na mahakama za serikali. Tena sheria ya nchi yamlazimisha mwenye chombo kuweka bima kwa ajili ya watu wengine watakaodhurika. Maulamaa wa zama zetu wana khitilafu juu ya bima, na hapa si mahali pake. Lakini hawana khitilafu katika kulipa haki ya aliyedhurika. Kukosekana hakimu wa kukudai hakuiondoi deni. Huiakhirisha tu hata siku ambayo hulipwa kwa mema ya mtu.

Sasa turejee kwenye neno walilomwambia wale wazee: "Ni kadari." Neno hili lina haki ndani yake, na lina batili ndani yake. Haki yake ni kwamba hapana jambo litokealo illa Mwenyezi Mungu amelijua na amelikadiria, na mzee yule hakutangulia ajali yake wala hakuchelewa. Neno hilo ni dawa ya waliofiwa. Batili yake ni pale aliyeua anapolichukua akalifanya ngao. Taa ile mbovu nayo ilikuwa katika kadari. Je, aliamrishwa kuiacha mbovu? Kadari hatuijui illa likisha kutokea. Kabla ya hapo tulilo nalo ni amri, na amri ni kujilinda na kuwalinda wengine. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia kwa mikono yetu katika maangamio.

Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham akafika Sargh, akaambiwa ya kwamba mbele yake pana tauni. Akashauriana na sahaba kisha akaazimia kurejea. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine, kisha akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mmoja mkavu: kokote atakakolisha, amelisha kwa kadari. Yuko pia yule bedui aliyeuliza amwache ngamia wake bila ya kumfunga na atawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Hadithi hiyo kaipokea Tirmidhi, na isnadi yake imesemewa, lakini maana yake imethibiti kwa mengi. Kubwa kuliko yote ni vitendo vya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, nami nataka kusimama hapo, kwani ndipo penye kichwa.

Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra (630), Mtume aliingia na mighfari kichwani mwake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas. Mighfari ni kofia ya chuma ya vitani. Zingatia hali ilivyokuwa: ameahidiwa nusura na Mola wake, mbele yake mji umekwisha kusalimu amri, nyuma yake jeshi la watu elfu kumi, na juu ya hayo amevaa kofia ya chuma. Nani leo, kati ya Kisauni na Mtwapa, mwenye tawakali kubwa kuliko yake? Na siku ya Uhud, miaka mitano kabla, ile kofia ya chuma ilivunjwa juu ya kichwa chake kitukufu. Kofia ikavunjika, akatoka damu usoni, na Mwenyezi Mungu akamhifadhi.

Na ndivyo kofia ngumu ya pikipiki ifanyavyo, ile ambayo vijana huiita helmeti. Watu hudhani kazi yake ni kuwa ngumu tu. Ugumu wa nje hulitawanya pigo lisije likapiga mahali pamoja. Na ndani yake mna kitu chepesi kama povu lililokauka, ambacho hubonyea badala ya kichwa. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kupokea pigo kubwa haifai tena, ijapokuwa nje yaonekana nzima, kwani kile cha ndani hubonyea mara moja. Nami nimeona kofia zilizoanguka na kuvunjika zikiungwa kwa gundi, zikauzwa chini ya mwembe. Mwenye kuuza kitu hicho bila ya kutaja aibu yake ameghushi, na ghushi yake ni katika roho ya mtu.

Madaktari nao wameijua faida hii kwa njia yao, na chanzo chake ni kisa ambacho wengi hawakijui. Wasomaji wengi wamesikia jina la T. E. Lawrence, Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Waarabu wa Hijazi katika vita vya Waturuki, mwaka 1916 hata 1918. (Aliyoyafanya katika siasa ya Waarabu ni maneno mengine, wala simtaji kwa kumsifu.) Mtu huyu alipona risasi za jangwani, akarejea kwao Uingereza, naye akipenda mno pikipiki za mwendo mkali. Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumba yake, alijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akatupwa, akapigwa kichwani, hali hana kofia ngumu. Akalala siku sita bila ya fahamu, akafa tarehe 19, umri wake miaka 46. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwako Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimkaa moyoni. Akaanza kuchunguza wapanda pikipiki wa jeshi walioletwa na vichwa vilivyopasuka, na mwaka 1941 akaandika ya kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, wapanda na abiria wao 2,279 wameuawa katika ajali za barabarani Uingereza, na jambo liliwaualo zaidi ni majeraha ya kichwa. Waliojeruhiwa nao wamevaa kofia ngumu aliwaona saba tu, wala hakufa hata mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule jeshi likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa kofia hiyo. Raia wa nchi ile hawakulazimishwa hata mwaka 1973. Na uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2008, umeona ya kwamba kwa aliyepatwa na ajali, kofia ngumu hupunguza khatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na khatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69.

Lakini kofia hiyo haina faida ikiwa imetundikwa kwenye usukani, au imevaliwa kisogoni, au ukanda wa kidevuni haukufungwa. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka, na kichwa hufuata nyuma kikiwa wazi. Sheria ya Kenya imemlazimisha mpanda na abiria wake pia, kila mmoja na kofia yake, pamoja na fulana yenye kung'aa. Na kijana humvulia polisi heshima, huivaa kofia penye kizuizi, akiisha kupita akaivua. Basi yule aliyemwogopa polisi hakumwogopa aliyeumba fuvu lake.

Wazee wenzangu wana udhuru mwingine. Husema: kofia yangu ya kiua imeshonwa miezi mingapi, imefuliwa, imetiwa wanga, itapondeka. Nami nawajibu kwa hadithi. Siku ile ile ya Makka, katika riwaya ya Muslim, Mtume alionekana na kilemba cheusi. Maulamaa wakauliza: mighfari au kilemba? Kadhi Iyadh akajumuisha baina ya mbili kwa kusema ya kwamba aliingia kwanza na mighfari, kisha akaivua na kuvaa kilemba. Basi fanya hivyo hivyo: kofia ya kiua itie mfukoni, vaa ngumu; ukifika msikitini vua ngumu, vaa ya kiua. Na anayechukia jasho la waliotangulia katika kofia ya abiria, aweke kitambaa chepesi kichwani kabla ya kuivaa. Kofia nene chini yake haifai, kwani huifanya ile ngumu iteleze.

Sasa tuseme juu ya mwendo. Mtume alipoondoka Arafa katika Hija yake, mwaka wa 10 (632), watu nyuma yake wakawa wanawapiga na kuwakemea ngamia wao. Akawaashiria watulie, akawaambia ya kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Naye mwenyewe alikuwa ameivuta hatamu ya Qaswa hata kichwa chake kikakaribia kugusa mbele ya tandiko. Na kila palipokuwa na kilima humlegezea kidogo apande. Na alipopata nafasi wazi mbele yake huongeza mwendo. Mambo haya yamepokewa na Jabir na Usama bin Zaid, na Usama ndiye aliyekuwa nyuma yake juu ya mnyama. Sioni somo la uendeshaji lililo bora kuliko hili: penye watu uvute, penye nafasi uende. Hakusema mtu asiende mbio kabisa, bali ameufungamanisha mwendo na nafasi.

Na nafasi hiyo ina hesabu. Mwenye kwenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Na tangu jicho lione mtoto hata mkono uishike breki, sekunde moja hivi imekwisha. Mita hizo 17 zimekwenda kabla breki haijaanza kazi. Kwa kilomita 30 ni mita 8 tu. Na baada ya breki kushika, mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimama haiwi mara mbili. Huwa mara nne. Ndiyo maana aliyezoea kusema "mimi najua kuponyoka" huponyoka siku mia, na siku ya mia na moja hesabu humshika.

Breki nazo ni mbili, na wengi huiogopa ya mbele kwa sababu waliwahi kuanguka kwayo. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi katika kusimamisha. Inatakiwa ikamatwe polepole ikizidishwa, pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imenyooka. Penye mchanga juu ya lami, kama njia zetu za kushukia pwani, au mvua ya mwanzo inapoyaamsha mafuta ya magari yaliyolala barabarani, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na yale malori ya makontena yatokayo bandarini, usikae ubavuni mwake: ikiwa huuoni uso wa dereva katika kioo chake, basi naye hakuoni.

Hapa niongeze neno la usingizi. Kuna vijana wafanyao kazi usiku kucha, na wakiona macho yanafumba hutafuna miraa ili wasilale. Mtume amemwamrisha mwenye kusinzia katika sala alale kwanza, asije akataka kuomba maghufira akajitukana. Ikiwa sala yenyewe husimamishwa kwa usingizi, nauli ya shilingi mia haikuwa kubwa kuliko sala. Na simu iliyobanwa baina ya sikio na kofia, mtu akisema nayo huku akipinda kona, ni usingizi wa macho wazi.

Masala ya kupakia watu wengi. Vijana wa Unguja na Tanga huita mshikaki, kwa namna watu wanavyopangwa. Sheria ya Kenya imeruhusu abiria mmoja tu. Lakini mtu mmoja aliyepata kusoma alinihoji msikitini: mbona Mtume alipofika Makka alipokewa na watoto wa Bani Abdil Muttalib, akampakia mmoja mbele na mmoja nyuma? Nikamwambia hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari, na maulamaa wameijuzisha kwa sharti ya kuwa mnyama aweze kuwachukua. Ngamia ana miguu minne, hasimamishwi kwa breki, naye alikuwa akienda mwendo wa mapokezi. Pikipiki ina magurudumu mawili tu. Mzigo ukizidi nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haushiki, na breki iliyotosha kwa wawili haitoshi kwa watano. Sharti imekosekana, na ruhusa imeondoka pamoja nayo. Kila asubuhi huona watoto wanne wa chuo juu ya pikipiki moja, mdogo wao amekaa juu ya tangi, kichwa chake ndicho kitakachotangulia. Baba zao wamelipa nauli ya mwezi na wamefurahi kwa urahisi wake.

Na kumpa mtoto chombo ni zaidi ya hayo. Wanafikihi wamesema ya kwamba mtu baki akiwapandisha watoto wawili juu ya wanyama, wakagongana, yeye aliyewapandisha ni dhamini wao na wa wanyama wao. Walii ameachiliwa akifanya kwa maslaha ya mtoto, lakini akimpandisha juu ya mnyama mkali asiyetawalika ni dhamini naye. Sasa niambie, pikipiki chini ya kijana wa miaka kumi na mitatu asiyefikisha miguu chini, ni mnyama mpole au mkali? Mwenye pikipiki anayemkodisha kijana asiye na leseni ili apate hesabu yake ya jioni na ajitafutie jawabu.

Juu ya nguo nitasema kidogo. Kanzu ikunjwe na ibanwe chini ya mapaja, kwani ukingo wake hunaswa na cheni. Buibui ni khatari zaidi, khasa kwa mwanamke akaaye upande. Upepo huupeleka ukingo kwenye gurudumu la nyuma, na likisha kuukamata humvuta chini kabla mpanda hajajua. Mpanda asiondoke hata aone nguo zimekusanywa. Ama hukumu ya mwanamke kupanda nyuma ya mtu baki, ina somo lake, nalo si hili.

Turejee kwa kijana wetu. Nilimwambia: samahani ya jamaa imeondoa diya, kwani ilikuwa haki yao, na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 92, amewapa ruhusa ya kuisamehe. Kafara haikuondoka. Hiyo ni haki ya Mwenyezi Mungu, wala wazee wa mtaa hawana mamlaka ya kuisamehe. Kafara ya kuua kwa khatai ni kumwacha huru mtumwa aliyeamini. Na leo mtumwa hapatikani, basi ni kufunga miezi miwili mfululizo. Kulisha maskini hakuingii hapa kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu. Nia ni ya kila usiku. Akifungua siku moja katikati bila ya udhuru huanza upya, na kwa kauli mpya ya Imamu Shafi, hata ugonjwa hukata mfululizo. Kwa hiyo achague miezi isiyokatwa na Ramadhani, wala Idi, wala siku tatu za baada ya Idi ya kuchinja. Akianza tarehe mosi ya mwezi, huhesabu kwa kuandama, ujapokuwa mwezi ni wa siku 29.

Akachagua Mfunguo Nne na Mfunguo Tano. Kazi akaipunguza, akafanya asubuhi tu, kwani mchana jua na kiu humtia kizunguzungu, naye aliogopa kuua mwingine akiwa katika kafara ya wa kwanza. Taa aliitengeneza kesho yake, kabla ya kuanza kufunga. Katikati ya mwezi wa pili alipata homa. Mamake akaja kwangu akilia nimwamrishe afungue. Nikamwambia kijana ya kwamba akiogopa madhara ni wajibu afungue, na ataanza upya. Alilala siku mbili, akafunga zote mbili, na homa ikamwacha.

Mwezi wa Mfunguo Sita ulipoandama alikuwa amemaliza. Usiku ule alikuja kunichukua kwenda Maulidini, ana kofia ngumu mbili, akanipa moja. Nikavua yangu ya kiua, nikaitia mfukoni, nikavaa ile nyingine, nikataka kupanda. Hakuwasha moto.

"Ukanda, Maalim," akaniambia.

Nikaufunga.